Maswali na Majibu: Vigamba Vinapoziba Kihisio cha Kipima Kina

SWALI: Ndugu Mhariri, nina boti ya faiba ya futi 30 inayopeleka wageni Mnemba, nayo hulala majini mwaka mzima. Kipima kina changu, ambacho kihisio chake kimepenyezwa kwenye tumbo la boti, sasa kimeanza kunidanganya: tukiongeza mwendo tarakimu hupotea, na mara nyingine huonyesha futi mbili hali najua tuko kwenye pima kumi. Mzamiaji wangu amekuta vigamba vimejaa pale chini, akavikwangua kwa bisibisi, na ananishauri kihisio nikipake rangi ileile ninayopaka tumbo la boti. Je, ushauri huo ni sahihi?
Nahodha, Nungwi, Unguja

JIBU: Mzamiaji wako ameutambua ugonjwa, lakini dawa zake zote mbili, yaani bisibisi na rangi ya tumbo la boti, zinaweza kukuharibia kihisio ambacho bado ni kizima.

Kihisio hutoa mlio usiosikika kwa sikio, ambao husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, ukagonga chini na kurudi, na mashine hukokotoa kina kwa kuangalia muda uliopita. Kwenye pima kumi, ambazo ni kama mita 18, safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 0.024 tu. Mlio huo hupita vizuri majini, lakini ukikutana na hewa karibu wote hugeuzwa nyuma. Vigamba na mwani hushika viputo vya hewa, na boti inapokimbia huyavuruga maji yanayopita mbele ya kihisio, ndiyo maana tarakimu zinakupotea kwenye mwendo kabla ya kupotea mkiwa mmetulia. Zile futi mbili ni mwangwi wa uchafu na viputo vilivyo karibu na kihisio chenyewe, si wa chini ya bahari. Hata hivyo, angalia ni wapi tarakimu zinapotea: ikiwa ni kwenye mkondo wa Pemba, ambako kina hupita mita 500, basi vipima kina vingi vya boti ndogo hushindwa hata vikiwa safi kabisa. Vikishindwa kwenye mita kumi au ishirini, hapo uchafu ndio mshukiwa wa kwanza.

Watu wengi huviita vigamba hivyo chaza, lakini kwa hakika ni jamaa ya kaa na kamba. Charles Darwin alitumia miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, kuvichunguza, na kabla hajaimaliza kazi hiyo akasema havipendi hata kidogo, jambo ambalo kila aliyewahi kulala chali chini ya boti na patasi mkononi atalielewa. Kigamba kikiwa kichanga huogelea, hutafuta mahali pa kukaa, hupajaribu, kisha hujigundisha kwa gundi ambayo haiachii tena. Kabla yake hutangulia utando wa utelezi wa bakteria, ambao huanza kujijenga saa chache tu baada ya kitu kisafi kuingia majini, kisha chembechembe za mwani zikafuata. Sehemu iliyochanika au yenye mikwaruzo huwapa hawa wageni mahali pazuri pa kushikilia, kwa hiyo kila mstari ulioachwa na bisibisi ni mwaliko mpya, mbali na hatari ya kupasua uso wa plastiki ambao nyuma yake kuna kisahani cha kauri, nacho ndicho kihisio chenyewe.

Usafi wake unataka mkono mwepesi unaorudi mara kwa mara kuliko nguvu za mara moja kwa mwaka. Utelezi ukiwa bado laini, kitambaa na sabuni ya vyombo vinatosha. Vigamba vikishaota, vibandue kwa kipande cha plastiki, kwa mfano kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na yale maduara meupe yanayobaki, ambayo ni chokaa, yalainishe kwa siki au ndimu ukiwa umepandisha boti. Kama bado yapo, tumia msasa wa maji wa namba 220 au laini zaidi, kwa vidole tu, bila kuuzungushia mashine. Usiguse kihisio kwa thina, asetoni wala petroli, kwa sababu vitu hivyo hula plastiki, na madhara yake huenda usiyaone siku hiyohiyo.

Kuhusu ratiba, vitabu vya watengenezaji huzungumzia kupaka rangi upya kila miezi sita au mwanzoni mwa msimu, lakini huo ni msimu wa wenzetu ambao huzitoa boti majini wakati wa baridi. Maji yetu hayapoi kiasi cha kuvisimamisha vigamba. Wewe una kalenda bora zaidi, nayo ni bamvua. Siku hizo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na boti iliyopwelezwa juu ya mchanga hukupa muda wa kutosha kuipitia kwa kitambaa kabla maji hayajajaa. Fanya hivyo kila bamvua la pili. Siku ambayo hukupweleza, mzamiaji ashuke na sifongo, na ufunguo wa injini uwe mfukoni mwake mwenyewe.

Sasa rangi. Rangi nyingi za tumbo la boti zina viyeyushi vinavyoshambulia plastiki, na zikipakwa nene hupunguza nguvu ya mlio. Ya kihisio inapaswa kuwa rangi ya kuzuia uoto iliyotengenezwa kwa maji, ipakwe kwa brashi, tabaka moja jembamba lisilo na viputo. Usitumie ya kupuliza, kwa kuwa hubeba hewa, na hewa ndiyo tunayoikimbia. Kuna pia mipako ya silikoni iliyotengenezwa mahususi kwa vihisio. Haiui chochote, ila huwa na utelezi kiasi kwamba uoto hung'oka boti inapokimbia, na kwa hiyo humfaa anayetoka kila siku kama wewe kuliko yule ambaye boti yake hukaa nangani wiki nzima. Wasomaji wengine wametuuliza kama deheni, ile chokaa na mafuta waliyopaka wazee kwenye majahazi, inaweza kutumika hapa. Kwa mbao ilikuwa dawa nzuri, lakini kwenye kihisio itakuwa tabaka nene la kuziba mlio. Wazee hao walipima kina kwa bildi, ile timazi ya risasi ifungwayo kwenye kamba, na bildi haioti vigamba kwa sababu hailali majini.

SWALI: Mimi nina mashua ya injini na tanga hapa Kilifi. Kipima mwendo chake ni kile chenye kigurudumu kidogo cha mapanga chini, na sasa kinaonyesha sifuri hata tukiwa na upepo mzuri wa kusi. Nimeambiwa kigurudumu hutolewa kwa ndani, boti ikiwa majini. Naogopa kuizamisha.
Msomaji, Kilifi, Kenya

JIBU: Woga wako una msingi, ndugu yetu, lakini kazi yenyewe ni ya dakika mbili ukijiandaa. Kigurudumu hicho kina sumaku ndogo, na kila kinapozunguka kifaa kilicho juu yake huhesabu mizunguko. Kigamba kimoja tu, kidogo kuliko punje ya mchele, kikiota kando ya mhimili wake, kigurudumu husimama na hesabu husimama nacho. Hakuna kilichoungua.

Tundu la kipenyo cha milimita 51 lililo nusu mita chini ya maji huingiza karibu lita 4 kila sekunde. Kwa hiyo kizibo, ambacho hununuliwa pamoja na kifaa, kiwe mkononi mwako wa kushoto kabla ule wa kulia haujafungua chochote. Vifaa vingi vya sasa vina kilango kinachojifunga chenyewe, lakini kilango hicho hupunguza maji tu, hakiyazuii, kwa hiyo bado weka kizibo. Ukishachomoa kigurudumu, kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki wa zamani, na ukijaribu kwa kukipuliza kwa mdomo: kizunguke bila kukwama. Pete za mpira zinazozuia maji zipake Vaseline au grisi ya silikoni kabla ya kurudisha, na uangalie mshale ulio juu ya kifaa uelekee omo, yaani mbele ya chombo. Rangi ya kuzuia uoto, ileile ya maji, hupakwa kwenye kigurudumu na ndani ya tundu lililo chini ya pete ya mwisho, si juu yake.

Boti ikikaa nangani zaidi ya wiki, acha kizibo mahali pake na kigurudumu kiwe kikavu kabatini. Hakuna rangi inayoshinda hilo.

SWALI: Nimerithi debe la rangi ya zamani ya meli lenye maandishi kwamba ina madini ya bati. Mafundi wanasema ndiyo iliyokuwa kiboko ya vigamba. Naweza kuipaka boti yangu pamoja na kihisio?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, wala kihisio wala boti. Mafundi wanasema kweli kuhusu nguvu yake, na nguvu hiyo ndiyo iliyoipiga marufuku. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wanaofugwa walipata maganda yaliyovimba na uzazi wao ukakwama, hata Ufaransa ikazuia rangi hizo kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, ukazizuia kwa meli zote. Debe lako lifunge vizuri, usilimwage pwani wala chooni, na ulipeleke kwa mamlaka ya mazingira ya mkoa wako ukiwaeleza kilichomo.