Kwa Nini Vyungu Vyetu Hupasuka Motoni?

Swali: Sisi ni wafinyanzi wa kijijini, tunachoma vyungu kwa kuni mahali pa wazi. Baadhi hupasuka kwa kishindo moto ukianza tu. Kasoro ni ya udongo au ya moto?

Jibu: Ndugu wafinyanzi, yaelekea kasoro ni ya ukaushaji. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta wa chungu yakifika nyuzijoto 100 za Selsiasi hugeuka mvuke ambao, ukikosa pa kutokea, hukivunja chungu vipande vipande. Uso mkavu usiwadanganye, kwa kuwa kitako, ambacho ni kinene, huchelewa kukauka. Kigusisheni shavuni, na mkihisi ubaridi, kirudisheni kivulini. Inaniuma sana kazi ya siku nyingi ikipotea kwa haraka ya saa chache. Siku ya kuchoma, vipasheni vyungu joto taratibu kando ya moto kabla ya kuvifunika kwa kuni. Changanyeni pia udongo na vigae vilivyopondwa, maana chembe zake hupunguza kusinyaa na kuuachia mvuke njia. Nyufa nyembamba za mwishoni mara nyingi husababishwa na kupoa ghafla; kwa hiyo msivitoe vyungu majivuni vikiwa bado vya moto, hata kama mnunuzi anasubiri.