Shangazi, mama ataziweza ngazi 268?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mwezi wa Novemba nitapita Hong Kong na mama yangu mwenye miaka 68, na tutakuwa na siku moja isiyo na shughuli. Tangu aone picha ya sanamu kubwa ya Budha iliyoko mlimani, kisiwa cha Lantau, hana neno jingine. Tatizo ni kwamba magoti yanamsumbua, na gari la waya, lile linaloning'inia hewani kupanda mlimani, analiogopa. Isitoshe, sisi ni Waislamu, na kaka yangu mkubwa ananilaumu kwamba nampeleka mama kwenye masanamu. Tuende au tuache? Na tukienda, mama atakula nini huko?

Kitindamimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nendeni, na mtenge siku nzima.

Nianze na magoti. Ngazi ni 268 kweli, zimenyooka moja kwa moja hadi juu, na jua likiwaka huna pa kujificha. Mimi nilizipanda nikiwa na miaka 59, nikapumzika mara tano. Nilipofika ndipo nikagundua jambo ambalo ningependa mtu aniambie mapema: sanamu ile huonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Kimo chake ni mita 34 pamoja na kitako, uzito unapita tani 250 za shaba nyeusi, na imekaa peke yake juu ya kilima. Ukiwa uwanjani unaiona yote, kuanzia uso hadi ua la yungiyungi inalokalia. Ukiwa juu unakunja shingo mpaka inauma, na unachoona ni magoti na kidevu. Kwa hiyo mtafutie mama mahali pa kukaa pale chini, umwelekeze mikono ya Budha. Wa kulia umeinuliwa, kiganja wazi: maana yake usiogope. Wa kushoto umelala pajani: huo ni wa kutoa. Wewe panda, ukawaone malaika sita wa shaba wanaopeleka sadaka, maua, udi, taa, marhamu, matunda na muziki, kisha ushuke umsimulie. Na ikiwa moyo wake umeng'ang'ania kufika juu, ipo barabara ndogo ya kuzunguka kwa ajili ya wenye ulemavu. Waulize wahudumu mapema, kabla hajachoka.

Kifuani kwa Budha mama ataona alama ya msalaba wenye ncha zilizokunjwa. Asishtuke. Wabudha waliitumia kama alama ya heri karne nyingi kabla ya Hitler kuzaliwa.

Usafiri. Gari la waya linatoka Tung Chung, mji ulio kisiwani humo humo, lina urefu wa kilomita 5.7 na huchukua kama dakika 25. Linavuka maji karibu na uwanja wa ndege, linakata kona, halafu linapanda milima. Dada yangu, mwoga kuliko mama yako, alifumba macho mpaka tulipomaliza kuvuka maji. Alipoyafumbua hakuyafumba tena, akabaki kuhesabu ndege zinazotua. Lakini mtu asilazimishwe. Basi namba 23 linaanzia Tung Chung hapo hapo na kufika mlangoni pa makao ya watawa wa Kibudha, jirani na sanamu. Barabara ina kona nyingi, basi mama akae mbele. Hata kama mmeamua kupanda gari la waya, ulizieni kwanza, kwa sababu husimamishwa upepo ukiwa mkali na siku za matengenezo.

Novemba mmechagua vizuri. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Machi, na ukungu ulikuwa mzito hata nikapanda ngazi zote nisione uso wa Budha. Niliona ncha za yungiyungi tu, nikashuka nguo zikiwa mbichi. Novemba hewa ni kavu na anga huwa safi. Ila sanamu inatazama kaskazini, na jua la msimu huo linapita kusini, kwa hiyo uso utakuwa kivulini. Picha zikitoka na giza usoni, kamera haina kosa.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Watu hufika, hupiga picha ngazini, huondoka, na makao ya watawa ya Po Lin wameyapa mgongo. Nakuomba mfanye kinyume, muanze na Po Lin. Sanamu ni ya juzi tu, ilikamilika mwaka 1993; makao ni ya zamani zaidi. Watawa watatu kutoka jimbo la Jiangsu, China, walifika pale mwaka 1906 wakajenga kibanda cha nyasi, na jina la Po Lin likaja mwaka 1924. Milima hii ilikuwa haina barabara, wala waya, wala duka la vinyago. Kaeni uani hapo nusu saa bila kusema. Mama yako, mtu aliyezoea kuamka alfajiri akaswali nyumba ikiwa kimya, ataielewa ile hali haraka kuliko wewe.

Hapo ndipo ninapomjibu kaka yako. Mimi si shehe, na hukumu ya dini muulizeni anayeijua. Naweza kusema nilichokiona tu. Hakuna aliyeniambia niiname, niwashe udi au nitoe sadaka. Nilisimama pembeni, nikatazama wenyewe wakisali, nikaondoka na imani yangu niliyokwenda nayo. Baibui la mama linafaa kabisa, kwani wanachoomba ni mavazi ya heshima. Ndani ya kumbi msipige picha. Kama ana pumu, asikae upande unakoelekea moshi wa udi.

Chakula kisikuhangaishe. Watawa hawali nyama wala samaki, na hairuhusiwi kuingiza nyama au pombe. Ukumbi wao wa chakula huandaa tofu (jibini ya soya), uyoga, mboga na wali. Tiketi zinauzwa chini ya ngazi. Kuzipanda ngazi zenyewe ni bure. Kuna pia kibanda kinachouza maziwa ya soya yaliyogandishwa laini, yenye sukari. Mama mwenye meno mabovu kama mimi atayapenda.

Msiende Jumapili. Sanamu hufunguliwa saa nne asubuhi, hivyo mkiwa Tung Chung saa tatu mtawahi kabla ya makundi. Mkikutana na ng'ombe njiani, ni wa kisiwani, wanajizururia; wapisheni.

Ukirudi uniandikie, mwanangu, mama alipanda ngazi ngapi. Naijua dawa ya magoti, lakini ukaidi wa mama zetu ninaujua zaidi.