Yule wa Kwenye Kioo Namjua Mimi Peke Yangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, kwenye kioo nipo sawa kabisa, ila nikipigwa picha natamani kulia. Kipi kati ya hivyo kinasema kweli?" Nilianza kumjibu saa tatu usiku. Saa sita ikanikuta bado naandika, na nilichokuwa naandika si jibu lake tena bali habari zangu. Basi nimeona niyalete hapa, maana wengi wenu mnaonisoma mnataka kusimama mbele za watu, kufundisha, kuongoza, kuonekana, na hili litawafika tu.

Miaka sita iliyopita nilipewa kazi ya kufundisha kwa video. Somo nalijua, usiku kucha nimejiandaa. Mkubwa wangu akatazama rekodi ya kwanza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sauti yako nzuri sana. Tuchukue sauti, uso tutatafuta wa mtu mwingine." Akacheka. Wenzangu wanne waliokuwapo wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko chake nilishakisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni changu. (Nasema nimekisamehe. Tuendelee.)

Jioni ile nilisimama mbele ya kioo kama mtu anayetafuta sindano. Nikaipata: jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Nikaendelea kutafuta. Nikitabasamu mdomo unapanda upande mmoja. Miaka thelathini na moja nilikuwa nimekaa na uso ule bila kuyaona hayo, na kwa jioni moja nikayaona yote, na tangu hapo sikuona kingine. Nikawa najichungulia kila kinachoakisi: madirisha ya magari yaliyoegeshwa, simu iliyozimwa, hata mgongo wa kijiko. Kwenye mikutano nikawa nawahi ili nipate kiti cha mwisho kushoto, watu wauone upande wangu wa kulia tu. Nilipiga hesabu za viti kuliko hesabu za kazi. Nafasi mbili za kupanda cheo zilinipita nikizitazama, kwa sababu zote zilitaka mtu wa kusimama mbele.

Miaka ile siisimulii zaidi, haina raha. Niseme tu kilichonitoa.

Kwanza ni kusoma. Nilikutana na maelezo ya Charles Cooley, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1902 alisema watu ni kioo cha mtu. Unawazia unavyoonekana kwa mwenzako, unawazia anavyokuhukumu, kisha unajisikia fahari au aibu kwa hiyo hukumu. Angalia vizuri hapo: hatua mbili za kwanza unaziwazia wewe. Mwenzako huenda hata hajafungua kinywa. Nilipofika hapo nilifunga ukurasa kwa hasira, kwani nilikuwa nimemlipa mtu kodi kwa miaka, na nyumba yenyewe ni yangu.

Pili ni kioo chenyewe, na hapa ndipo jibu la msomaji wangu lilipo. Dada yangu, vyote viwili vinasema kweli, ila kioo kinakuonyesha uso uliogeuzwa. Umeuzoea huo tangu utotoni. Sisi wengine hatujawahi kuuona hata siku moja. Watafiti walilijaribu hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1977: waliwapa wanawake picha zao mbili, moja kama walivyo na nyingine iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenye sura walielekea kuipenda iliyogeuzwa. Rafiki zao walielekea kuipenda ile ya kawaida. Kila mtu anapenda alichokizoea, basi. Kwa hiyo picha inayokuliza wewe ndiyo sura wanayoipenda wanaokupenda.

Na kama ni picha uliyojipiga mwenyewe kwa kunyoosha mkono, usiiamini kabisa. Lenzi ikiwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Ukirudi nyuma kama mita moja na nusu, tofauti hiyo inaisha. Mimi nilikuwa nimeanza kuichukia na pua, haina kosa masikini.

Jaribu na hili ukitoka kuoga, kioo kikiwa bado na mvuke. Fumba jicho moja, chora kwa kidole mzingo wa uso wako unavyouona pale. Kisha sogea pembeni uutazame mchoro. Ni nusu tu ya ukubwa wa uso wako, na hata ukisimama mbali zaidi utabaki nusu. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu bafuni. Hako kaduara ndiko nilikokuwa nikikaogopa miaka yote.

Tatu, na hili sikulitafuta, nilikutana na mmoja wa wale wenzangu wanne. Nikajikaza, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile. Akafikiri. Akasema anaikumbuka sana: ndiyo siku kifungo cha blauzi yake kilikatika, akakaa kikao kizima ameishika kwa mkono, na kila watu walipocheka alidhani wanamcheka yeye. Maneno ya mkubwa kuhusu uso wangu? Hayakumbuki. Mimi nimeyabeba miaka sita, yeye hakuyabeba hata mpaka mlangoni. Kuna wanafunzi waliovalishwa fulana yenye picha ya kuwaaibisha wakaingizwa chumbani mwa wenzao. Walikisia karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile, kumbe ni karibu robo tu. Utafiti huo ni wa mwaka 2000. Mwenzangu yule alinifundisha jambo lile lile bila fulana.

Sasa ushauri, kwa vile mnauliza kila mara. Jirekodi, ujitazame. Ukichukia, jirekodi tena, ujitazame tena, mpaka uso wako wa kweli uuzoee kama ulivyouzoea wa kioo. Acha kuuliza watu "naonekanaje?" kabla ya kusimama, waulize "nimeeleweka?" baada ya kuketi. Na usiniambie wewe ni tofauti, eti kasoro yako ni kubwa kweli. Nami nilisema hivyo. Kuna methali nilikuwa nikijichapa nayo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikakaa kimya ningoje kujiuza. Mtu mwenye kitu cha kusema asingoje. Ajitembeze. (Ila kama saa zako zinakwisha mbele ya kioo, au umeacha kutoka nje kwa sababu ya sura, hilo si la makala yangu; nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, na wala si aibu.)

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya watu mia tatu, kiti cha katikati, taa usoni. Ndiyo, najisifu, nimelisubiri hili muda mrefu. Video yake nimeitazama mara mbili. Ya kwanza niliangalia jicho la kushoto, sitawadanganya. Ya pili ndipo nikaona kwamba dakika ya kumi na moja nilimkatiza mama mmoja kabla hajamaliza swali lake, nikajibu swali ambalo hakuuliza. Nimemwandikia kumwomba radhi. Bado hajanijibu.