Ryzen inagonga 95 kwenye gemu? Usivue hitisinki ikiwa baridi

Mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Umesema prosesa yako ya AMD, Ryzen 5 3600, inagonga nyuzi 95 ukicheza gemu la mpira, na usiku huu unataka kuvua hitisinki (lile bonge la chuma lenye feni juu ya prosesa) ubadilishe pesti ya joto iliyo kati yao "kompyuta ikishapoa kabisa" kwa sababu fundi kasema hivyo. Hapo kwenye kupoa ndipo prosesa za watu zinapofia.

Soketi ya AM4, ile Ryzen yako inamokaa kwenye mazabodi (bodi kuu), haina kibati cha kuikandamiza prosesa kwa juu kama Intel. Kuna kale kamkono ka chuma pembeni tu, kanabana pini 1331 kwa chini. Pesti ya kiwandani ikizeeka na kupoa inashika kweli kweli. Ukivuta kwenda juu haiachii pesti, inaachia soketi: prosesa inatoka imeng'ang'ania hitisinki huku kamkono bado kamefungwa, na pini zinalala. Zikinyooka umepona. Ikikatika moja, omba iwe ya ethi, maana ikiwa ya memori, RAM ya upande mmoja inaweza isionekane tena.

Kwa hiyo IVUE IKIWA NA MOTO. Cheza gemu dakika 10 hadi 15, zima, chomoa waya ukutani, anza kazi papo hapo. Wraith Stealth, hitisinki inayokuja na Ryzen yako, ina skrubu nne: legeza kwa mkingamo, kidogo kidogo, na kibati cha nyuma ya mazabodi ukishike kwa kidole kisidondoke. Halafu usivute! Zungusha kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka usikie inateleza, ndipo uinue upande mmoja. Haitelezi? Azima draya saluni ya jirani, pasha mapezi ya hitisinki dakika chache, rudia. Watakucheka. Wacha wacheke.

Imetoka nayo hata hivyo? Usichokoe kwa kisu. Pasha tena, shika prosesa kingoni, zungusha. Pini zilizolala zinyooshe kwa kadi ya benki, mstari kwa mstari, pande zote mbili, kwenye mwanga mkali. Kurudisha: kamkono kasimame wima, pembetatu ya dhahabu ikae kwenye pembetatu ya soketi, prosesa izame kwa uzito wake. Ukiona unalazimika kukandamiza, acha, kuna pini imepinda.

Hawa wa video ndio wanaonikera. Anavua Intel mbele ya kamera, kisha anasema kompyuta zote ni hivyo hivyo. Na fundi wako ukimrudia na pini zilizolala atakwambia mazabodi ilikuwa na shida tangu mwanzo. Ajabu, kila mazabodi inayopita mezani kwake ilikuwa na shida tangu mwanzo.

Na msinijie na "mimi huvua baridi, haijawahi kutoka". Wapo pia wanaovuka kwenda Ukerewe kwa mtumbwi bila boya, na wanafika.

Pesti: futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, basi. Pesti ya metali ya maji usiguse: ina galiamu, Stealth ni ya alumini, na galiamu inaila alumini.

Tena kabla ya yote, mulika tochi kwenye mapezi. Kama unakaa Kirumba au Bwiru, Mwanza, na kompyuta iko dirishani, vijidudu vya ziwani vinafuata taa usiku, vinanyonywa na feni, vinachanganyika na vumbi mpaka hewa haipiti. Brashi ya rangi inatosha, feni ukiishika isizunguke. Kompresa ya gereji hapana, inatema maji. Joto likishuka kwa hilo tu, hitisinki iache ilipo.

Kama prosesa itatoka na hitisinki, piga picha ya pini uiweke hapa kabla hujarudisha chochote.