Maswali ya Wasomaji: Mikato ya Kibodi Inayogoma Ndani ya WebView2

SWALI: Programu yetu ya stoo ni ya zamani, ya MFC (maktaba ya C++ ya Microsoft ya kutengenezea programu za Windows). Tumeweka WebView2 (kivinjari cha Edge kinachopachikwa ndani ya programu nyingine) katikati ya dirisha ili ionyeshe fomu mpya za HTML. Tangu hapo, mtu akibofya ndani ya fomu, Ctrl+S haihifadhi, Ctrl+P inachapisha ukurasa badala ya hati ya stoo, na F5 inafuta yote aliyojaza. PreTranslateMessage, kitendakazi cha MFC kinachokagua ujumbe wa vitufe kabla haujashughulikiwa, haiitwi kabisa. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Haiitwi kwa sababu ujumbe wa kitufe haupiti tena kwenu. WebView2 huendeshwa na mchakato mwingine, wa kivinjari. Fokasi (mahali panapopokea vitufe) ikiwa humo, vitufe huenda huko moja kwa moja.

Kwanza zimeni mikato ya kivinjari. Katika ICoreWebView2Settings3, kabla ya kupakia ukurasa wa kwanza, wekeni AreBrowserAcceleratorKeysEnabled kuwa FALSE. Ctrl+P, F5, Ctrl+F na F12 vitanyamaza. Ctrl+C, Ctrl+V na Ctrl+Z vitabaki, na msiviguse: karani akinyimwa kunakili, simu yenu haitapumzika.

Kisha sikilizeni tukio la AcceleratorKeyPressed la ICoreWebView2Controller. Huja kwa kila kitufe kinachobonyezwa pamoja na Ctrl au Alt, na kwa visivyoandika herufi kama F2 na Esc, hata kama mikato imezimwa. Shughulikieni KEY_DOWN, na SYSTEM_KEY_DOWN kwa mikato ya Alt. Someni VirtualKey, pimeni Ctrl kwa GetKeyState, na kama mkato ni wenu wekeni Handled kuwa TRUE, yaani mmeshaushughulikia. WasKeyDown ikiwa kweli, yaani kitufe kilikuwa tayari kimeshikiliwa, msirudie amri. La sivyo anayechelewa kuinua kidole atahifadhi hati ileile mara kadhaa.

Wengi huharibu hapa: hufungua dirisha la kuchapisha ndani ya tukio lenyewe. Mpaka mrudi au mweke Handled, kivinjari kimesimama kikiwasubiri, na wito wa COM (njia ya Windows ya vipande vya programu kuitana) kwenda mchakato mwingine hushindwa kwa kosa la RPC_E_CANTCALLOUT_ININPUTSYNCCALL. Tumeni WM_COMMAND (ujumbe wa amri za menyu) kwa PostMessage, inayouacha kwenye foleni bila kusubiri, kwenye dirisha kuu, yenye namba ileile ya menyu, kisha rudini mara moja. MFC itaipokea kama vile mtu amechagua kwenye menyu.

SWALI: Na Tab? Ikishaingia kwenye fomu haitoki.

JIBU: Sikilizeni MoveFocusRequested. Sababu ikiwa NEXT, peleka fokasi kwa SetFocus kwenye kidhibiti kinachofuata. Ikiwa PREVIOUS, kilichotangulia. Kisha Handled iwe TRUE.