Logan na kitabu chake: kipimo kiko wapi?

Ndugu, umeuliza kama filamu ya Logan ya mwaka 2017, ya yule shujaa mwenye makucha aitwaye pia Wolverine, tuihesabu mbovu kwa kuwa haikufuata kitabu cha katuni cha Old Man Logan. Mimi nakataa kabisa. Kitabuni kuna mashujaa wengine wa katuni, Hawkeye akiwa kipofu, na ukoo wa Hulk, lile jitu la kijani; kwenye filamu aliyoiongoza James Mangold hao wote hawamo. Amebaki mzee aliyechoka, anayelikimbia jina lake mwenyewe, na huyo ndiye hadithi nzima.

Tazama tena mwanzo. Wahuni wanafungua magurudumu ya gari lake, anashuka akiyumba, anachomoa makucha, na moja linagoma kutoka lote. Kabla hajapigana umeshajua mwili unamwangusha. Hapo ndipo ninapopimia mimi: je, nguvu za shujaa zinamgharimu kitu? Hugh Jackman, anayemwigiza Logan, anachechemea, anakohoa, anavaa miwani ndipo asome. Mambo ya vazi kufanana na michoro tuyaweke kando.

Ila dosari ipo, tena si ndogo: X-24, ile nakala ya Logan iliyotengenezwa maabara. Ni adui asiye na neno wala nia, na mapigano ya mwisho yanapungua uzito kwa sababu yake.