Muziki kando ya kitanda cha mgonjwa

SWALI: Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanawake hapa Dodoma. Tunaye bibi wa Kigogo aliyevunjika nyonga, ambaye kila ikifika jioni hutaabika, huvutavuta shuka na kukataa kugeuzwa. Juzi mjukuu wake alimwekea kwenye simu nyimbo za kwaya ya kanisa lao. Bibi akatulia, nami nikamgeuza bila shida. Mwenzangu anasema huo si uuguzi, ni kumdekeza mgonjwa. Naomba ushauri wako.

JIBU: Ndugu muuguzi, huo ni uuguzi, tena wa tangu zamani. Mwaka 1859 Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka misingi ya uuguzi wa kisasa, aliandika kwamba sauti ya binadamu, ala za kupuliza na ala za nyuzi zenye mlio usiokatika kwa kawaida huwafaa wagonjwa, lakini piano huwaletea kinyume chake. Akataja gharama kuwa ndiyo inayozuia muziki usitumike kwa wengi. Leo kizuizi hicho kimeondolewa na simu ya mjukuu. Nami nikiyasoma maneno hayo hulifikiria zeze la Wagogo, ambalo uta wake hauuachi mlio ukatike.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa muziki hupunguza wasiwasi, hasa kabla ya upasuaji, na hupunguza maumivu kwa kiasi. Neno "kiasi" nalisisitiza: dawa ya maumivu ya bibi itolewe kwa wakati wake uleule.

Ninachokiogopa ni redio moja kuwashwa kwa wodi nzima, kwa maana wimbo unaomtuliza huyu huenda ndio ulioimbwa mume wa jirani yake wa kitanda cha pili alipozikwa. Muulize bibi mwenyewe, kwa Kigogo kupitia mjukuu ikibidi, anataka wimbo gani, na kama anautaka sasa. Sauti iwe ya chini, kwa dakika 20 au 30. Hedifoni, kama zipo, zifutwe kwa spiriti. Kabla na baada, hesabu mapigo ya moyo, muulize maumivu yamefika ngapi kati ya 0 na 10, kisha uandike kwenye faili kama unavyoandika dawa. Itazame mikono yake pia: vidole vikiliachia shuka, endelea, akikunja uso au akitokwa na machozi, zima simu, ukae naye.

Mwenzako naye mwombe jioni moja ayahesabu mapigo hayo mwenyewe, kabla ya kwaya na baada yake.